Jinamizi: mwongozo kamili kwa anayekabwa usiku na anayeota ndoto mbaya

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Kisumu. Katika nyumba ninazozitembelea Nyalenda na Manyatta, mtu akinieleza kwamba usiku hukabwa, jambo analotaka kujua kwanza ni nani amemtumia kitu hicho. Mimi humuuliza: wiki hii umelala saa ngapi kwa siku? Mara nyingi tukishamaliza swali langu, lake huwa limepungua uzito.

Mwongozo huu ni wa yule anayekabwa, wa yule anayerudiwa na ndoto mbaya ile ile, na wa mzazi ambaye mtoto wake hupiga mayowe usiku. Zifuate hatua kwa mpangilio wake. Kama shida ni ya mtoto, ruka hadi hatua ya saba. Na kama ndoto zimekufikisha mahali pa kuona heri ufe, usiendelee kusoma kwa mpangilio; nenda hatua ya mwisho sasa hivi.

Hatua ya kwanza: Jua unasumbuliwa na lipi

Yote huitwa jinamizi, lakini ni mambo matatu, na dawa ya hili haimfai mwenye lile.

La kwanza ni kukabwa kwenyewe. Umeshaamka, au ndiyo kwanza usingizi unakuchukua. Unajua uko chumbani kwako, unaiona neti na mwanga wa dirishani, ila mkono hauinuki na sauti haitoki. Kifua kimelemewa. Pengine kuna mtu amesimama mlangoni, una hakika naye. Hali hii huchukua sekunde chache hadi dakika mbili tatu, ingawa aliyekabwa ataapa kwamba ilikuwa nusu saa.

La pili ni ndoto mbaya. Hapo umelala kabisa na kuna kisa kinachoendelea: unakimbizwa, unazama, nyumba inaungua. Ukiamka unaweza kukisimulia mwanzo hadi mwisho.

La tatu ni vitisho vya usiku, na hawa ni watoto zaidi. Mtoto anaketi kitandani, anapiga mayowe, macho yamemtoka, unamwita na hakutambui. Asubuhi anadai uji wake kama kawaida, hakumbuki lolote.

Kinachokusaidia kuyatenganisha ni saa. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, minne hadi sita kwa usiku mmoja. Mwanzoni mwa usiku usingizi mzito ndio mwingi. Kuelekea alfajiri usingizi wa ndoto ndio unaorefuka. Kwa hiyo vitisho vya watoto hutokea mapema, pengine saa nne au saa tano usiku, na ndoto mbaya huja zaidi usiku ukikaribia kuisha.

Huo usingizi wa ndoto ulielezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago. Waligundua kwamba kuna vipindi ambapo macho hukimbia huku na huku chini ya kope, na kwamba anayeamshwa wakati huo mara nyingi ana ndoto ya kusimulia. Katika vipindi hivyo ubongo huifunga karibu misuli yote ya mwili, isipokuwa ya macho na kile kiwambo kinachovuta pumzi. Ni kinga. Ukiota unapigana, mwenzako aliyelala kando yako asiumie.

Kukabwa ni kuamka kabla ya kifungo hicho kulegezwa. Akili imeshatoka usingizini, mwili haujatoka. Ni kama mashua pale Dunga iliyowashwa injini kabla kamba haijafunguliwa. Kifua kinalemewa kwa sababu misuli ya mbavu bado imelala, na ukijaribu kuvuta pumzi ndefu kwa nguvu unahisi umezuiwa. Lakini hewa inaingia. Na yule mtu wa mlangoni? Ubongo uko katika hali ya hatari, ndoto nayo haijazimika, basi hofu inatafutiwa sura.

Sura yenyewe hutoka katika yale uliyosimuliwa tangu utotoni. Pemba mwaka 1995 ilikuwa popobawa, pepo aliyesemekana kuvamia watu usiku. Newfoundland huko Kanada ni bibi kizee anayekalia watu vifuani. Wajapani wana kanashibari, yaani kufungwa kwa chuma. Hata nightmare ya Waingereza, ambayo watoto wa shule hudhani ina farasi ndani yake, ilianza kama pepo wa kumkalia aliyelala. Huku ziwani utaambiwa ni jachien, yaani pepo mbaya kwa Kiluo, au mama wa boma la pili. Kilichotokea mwilini ni kile kile.

Wala si jambo la nadra. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikadiria kwamba karibu watu 8 katika kila 100 hukabwa angalau mara moja maishani mwao. Kwa wanafunzi idadi ilifika kama 28 kwa 100. Wanafunzi hawana maadui kutuzidi sisi wengine. Wana mitihani na usiku mfupi.

Hatua ya pili: Ukikabwa usiku wa leo

Usipambane. Najua ni rahisi kusema. Lakini kadiri unavyojirusha kwa nguvu ndivyo kifua kinavyobana na hofu inavyopanda, na hofu ndiyo inayomnenepesha yule wa mlangoni.

Jiambie moyoni: hii nimesoma, itaisha. Kisha iache pumzi ijiendeshe yenyewe, usiivute, ila itoe polepole. Baada ya hapo chagua kiungo kimoja kidogo tu. Wengi hufaulu na kidole gumba cha mguu: kifikirie, jaribu kukikunja, pumzika, jaribu tena. Wengine huzungusha macho au husukuma ulimi kwenye meno. Kikishatikisika kimoja, mwili wote hufunguka mara moja.

Ukifunguka, usijilaze tena pale pale chali, maana unaweza kuteleza na kurudi ulikotoka. Keti. Weka miguu kwenye sakafu baridi, washa taa, kunywa maji, kaa dakika chache, ndipo ulale kwa ubavu.

Kama hulali peke yako, mweleze mwenzako mchana. Anayekabwa mara nyingi huweza kuguna kidogo au kubadilisha pumzi. Mwenzako akisikia hivyo, akushike bega na kukuita jina. Mguso mmoja unatosha.

Waislamu wana mafundisho ya Mtume kwa aliyeota vibaya: kutema mate kidogo upande wa kushoto mara tatu, kuomba kinga kwa Mwenyezi Mungu dhidi ya shetani, kugeuka ubavu mwingine, na kutokwenda kuisimulia. Ukiyatazama kwa jicho la mhudumu wa afya, ndani yake kuna kuamka vizuri, kubadili mlalo na kutoitangaza hofu mtaani. Mkristo naye ana zaburi yake. Sala na pumzi hazijawahi kugombana.

Hatua ya tatu: Fungua daftari

Daftari la shule la kurasa chache linatosha, na kalamu iliyofungwa nalo ili isipotee. Liandike kwa wiki mbili bila kuruka siku. Usiandike riwaya. Andika saa uliyolala, saa uliyoamka, ulilalaje, ulikunywa nini jioni, dawa gani ulimeza, ulifanya kazi zamu ipi, na kama ulikabwa au uliota, basi saa ngapi.

Nitakuonyesha faida yake. Kijana mmoja mvuvi wa omena, dagaa wa ziwa letu, alikuwa akikabwa mara kadhaa kwa mwezi. Nyumbani walishagundua jambo: mwezi ukiwa mpevu anaachwa, mwezi ukififia anashikwa tena. Hapo hapo ukaingia uganga, kwa kuwa kitu kinachofuata mwezi kitakuwa nini kingine? Nikamwomba aandike. Mistari yake ilikuwa hivi: "Jumanne. Nimetoka ziwani saa kumi na mbili asubuhi. Kuanika na kuuza. Chai vikombe vitatu. Nimelala saa nne, mabati yanawaka. Nimekabwa kama saa sita mchana. Chali."

Omena huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi gizani. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawakusanyiki vizuri kwenye taa, wavuvi wengi hupumzika, na kijana alikuwa akilala nyumbani usiku kama watu wengine. Mwezi ulikuwa unampangia kazi, na kazi ndiyo iliyokuwa inamkaba. Bila daftari mambo hayo mawili yasingekaa ukurasa mmoja.

Hatua ya nne: Tengeneza usingizi kabla ya kutengeneza kitu kingine

Hapa ndipo wengi hupona, na hapa ndipo wengi hukataa kufanya lolote kwa sababu inaonekana ni mambo madogo.

Anza na idadi ya saa. Mtu mzima anahitaji saa saba hivi au zaidi. Mwili ulionyimwa usingizi wa ndoto huufidia kwa kuuingia haraka na kwa nguvu siku ya kwanza ukipata nafasi, na ni kwenye kuingia na kutoka huko kwa pupa ndipo kukabwa kunapotokea. Ndiyo maana watu hukabwa Jumapili mchana baada ya wiki ya taabu, wakati ambapo hasa walidhani wanapumzika.

Kama unafanya kazi mchana, chagua saa moja ya kuamka na uishike hata siku ya mapumziko. Ya kuamka ndiyo muhimu kuliko ya kulala. Usingizi wa mchana uwe mfupi, dakika 20 hivi, na usiwe wa jioni.

Kama unafanya kazi usiku, mambo ni magumu zaidi, na sitakudanganya kwamba ushauri wa kwenye simu uliandikwa kwa ajili yako. Mlinzi wa getini Milimani, muuguzi wa zamu, mfanyakazi wa kiwanda cha sukari Muhoroni au Chemelil, mvuvi: nyinyi mnalala wakati dunia inapika, inagonga na kuita watoto. Fanyeni haya. Laleni mapema iwezekanavyo mkitoka kazini, kabla jua halijapanda. Kisumu nyumba ya mabati ikifika saa tano haikaliki, na joto hukatakata usingizi, ukiwemo ule wa ndoto. Funikeni dirisha kwa blanketi zito au kanga mbili zilizokunjwa, chumba kiwe giza kweli. Pamba masikioni husaidia. Waambieni majirani saa zenu za kulala. Watu huwa waelewa kuliko tunavyowadhania. Na siku za mapumziko msigeuze ratiba yote kwa mpigo. Ikiwezekana, zibaki saa chache za usingizi ambazo huwa ni zile zile kila siku.

Halafu mlalo. Kulala chali ndiko kunakoandamana zaidi na kukabwa. Kama hugeuka chali bila kujua, shona mfuko mdogo mgongoni mwa fulana kuukuu, utie soksi iliyokunjwa fundo. Ukijaribu kulalia mgongo, fundo litakukatalia. Ni ufundi wa kuchekesha na unafanya kazi.

Vinywaji: chai na kahawa zina kafeini, na nusu ya uliyokunywa bado huwa mwilini baada ya saa tano hivi. Chai ya saa kumi na mbili jioni kwa anayelala saa nne usiku ni nyingi mno. Miraa na muguka ni hivyo hivyo na zaidi; madereva wa masafa marefu wanaopita Nakuru wanalijua hili, wanatafuna ili wasilale, kisha wanashangaa usingizi wao ukija umejaa fujo. Pombe inadanganya kwa njia nyingine. Chang'aa itakulaza upesi, itazima ndoto nusu ya kwanza ya usiku, halafu ndoto zitarudi alfajiri kwa kishindo. Lakini anayekunywa kila siku kwa miaka asiache ghafla peke yake nyumbani. Anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata kupata degedege. Aachishwe na watu wa hospitali.

Kuhusu ugali wa usiku, ambao nyanya zetu waliulaumu kwa kila ndoto: shibe si kosa. Kulala na kiungulia ndiko kunakokuamsha.

Hatua ya tano: Soma makopo ya dawa

Mwaga makopo na vipakiti vyote mezani. Dawa inayojulikana zaidi kwa ndoto kali ni efavirenz, iliyomezwa na watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI kabla ya wengi kuhamishiwa kwenye dawa zenye dolutegravir. Anayeimeza huambiwa aimeze wakati wa kulala na tumbo tupu, kwa sababu chakula cha mafuta huongeza kiasi kinachoingia kwenye damu, na hapo ndoto huzidi. Dolutegravir nayo huweza kuwakosesha baadhi ya watu usingizi. Wengine hupata nafuu kliniki ikiwaruhusu kuimeza asubuhi.

Mefloquine ya kuzuia malaria, wanayopewa wasafiri wengine, ina sifa hiyo hiyo ya ndoto. Zipo dawa za presha kama propranolol, na dawa kadhaa za sonona. Kuacha ghafla dawa za usingizi nako huleta ndoto nzito.

Haya nayasema ili ujue cha kuuliza, si ili uache. Hasa ARV: usiruke hata kidonge kimoja kwa sababu ya ndoto. Nenda kliniki useme hivi: "Tangu nianze dawa hii naota vibaya, naomba mnitazamie." Si malalamiko ya kitoto, na wana cha kufanya.

Hatua ya sita: Iandike upya ndoto inayorudi

Hii ni ya ndoto mbaya, si ya kukabwa. Watu hucheka nikiwaelekeza, kisha wanarudi kimya kimya kuniuliza tena.

Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo yao kuhusu wanawake waliokuwa wamebakwa na kuendelea kuandamwa na ndoto. Waliofundishwa kuibadilisha ndoto wakiwa macho, na kuirudia hiyo mpya kichwani, ndoto zao mbaya zilipungua na usingizi wao ukatengemaa kuliko wale waliokuwa bado wanasubiri mafunzo. Hakuna dawa, hakuna mashine.

Chagua ndoto moja. Usianze na iliyo mbaya kuliko zote. Hilo ndilo kosa la wengi, wanataka kumuua chatu kabla hawajaua mjusi. Chukua ya wastani. Iandike mchana, nje, mahali pa watu, kana kwamba inatokea sasa.

Tuseme wewe ni mama wa mitumba wa Nakuru, unapanda kwenda Eldoret kila wiki, na ndoto yako ni ya Salgaa, pale penye ajali nyingi kwenye barabara hiyo: "Niko kwenye matatu, kiti cha nyuma. Lori linateremka nyuma yetu, honi haikatiki. Breki hazishiki. Naushika mlango, haufunguki. Watu hawasikii. Naamka likitugonga."

Sasa ibadilishe utakavyo. Unaweza kubadilisha mwisho, au mwanzo, au kitu kimoja tu. Usilazimishe iwe ya furaha, iwe yako. Mtu mwingine angelipatia lori breki. Wewe pengine utaandika: "Niko kwenye matatu, kiti cha mbele. Nasikia honi. Konda anagonga bodi mara mbili, dereva anaacha barabara na kuegesha penye wauza mahindi. Nashuka. Lori linapita, limefunikwa turubai la kijani, linapunguza mwendo penye mwinuko. Nanunua hindi la kuchoma, lina pilipili na ndimu, linaniunguza vidole." Andika na hicho cha kuunguza vidole. Ubongo hushika kinachoonjwa na kuguswa kuliko maneno matupu kama "nikaokoka".

Ile ya zamani ikunje, usiisome tena. Mpya iketie dakika kumi hadi ishirini kila siku, macho yamefumbwa, uipitie polepole kama unaitazama. Fanya mchana au mapema jioni. Kwa wiki ya kwanza pengine hutaona kitu. Baadaye ile ya zamani huanza kuja ikiwa imekatika, au na mambo mapya ndani yake, au haiji. Ikitulia, ndipo uchukue ya pili.

Ndoto za mambo yaliyotokea kweli zinahitaji tahadhari. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza, na Nakuru, Naivasha na Kisumu wapo waliosikia milango ikivunjwa ambao hadi leo hawalali vizuri uchaguzi ukikaribia. Kama ukianza kuandika mikono inatetemeka, unatokwa jasho, au unajikuta uko kule tena mchana kweupe, funga daftari. Zoezi hili bado linakufaa, ila lifanye na mshauri aliyefunzwa ameketi mbele yako.

Hatua ya saba: Mtoto anayepiga mayowe

Kwanza kabisa, mguse. Ana joto? Sehemu za ziwa letu malaria haiishi, na homa peke yake huleta ndoto za ajabu. Mtoto mwenye homa na maruweruwe apimwe siku hiyo hiyo, asingojewe asubuhi ya kesho kutwa. Mwili ukikakamaa, ukitikisika kwa mrindimo, macho yakigeuka juu, povu likatoka, hiyo ni degedege. Mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimpeleke kufukizwa. Pigia boda boda, nenda hospitali.

Kama hana joto, hatikisiki, anapiga mayowe tu na hakuoni, basi ni vitisho vya usiku. Huwapata zaidi walio kati ya miaka mitatu na kumi na miwili. Usimtikise, usimmwagie maji, usimpige kofi la kumwamsha. Kaa karibu asianguke, sema naye kwa sauti ya chini, ngoja. Atalala tena mwenyewe. Asubuhi usimhoji mbele ya ndugu zake. Hana anachokumbuka, utampa hofu ambayo hakuwa nayo.

Vikija saa ile ile kila usiku, mwamshe kidogo dakika kumi na tano kabla, kwa wiki kadhaa. Na mlaze mapema: mtoto anayeamshwa saa kumi na moja kwenda shule, na jana alilala saa nne akifanya kazi za ziada, amenyimwa usingizi kama mlinzi.

Kwa ndoto mbaya ya kawaida mambo ni tofauti. Huyo ameamka, anakutambua, anataka kusimulia. Msikilize, mkumbatie, na kesho mchoreni pamoja yule mnyama akiwa amevaa soksi.

Hatua ya nane: Wafu, kanisa na majirani

Si kila ndoto nzito ni ugonjwa. Kwa Waluo, mzee aliyefariki anaweza kumtokea ndotoni mzazi wa mtoto mchanga na kudai jina lake lisipotee, na mtoto akapewa. Mfiwa kuota marehemu wake miezi mingi baada ya mazishi ni jambo la kawaida katika majonzi, na wengi wananiambia ndoto hizo ziliwatuliza. Katika makanisa ya Roho ndoto husimuliwa hadharani na wazee huzipima. Sina ugomvi na hayo. Anayetulizwa na ndoto hahitaji mwongozo wangu.

Ugomvi wangu unaanza pale sura iliyoonekana gizani inapopewa jina la mtu anayeishi. Oktoba 2021, Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wakongwe waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Tuhuma za namna hiyo hulishwa na maneno ya kuokoteza, na "nilimwona akinikaba" ni neno zito sana kulitoa mdomoni. Ubongo uliokuwa nusu usingizini huchukua uso wowote ulio karibu. Uso wa mjane wa jirani uko karibu. Kwa hiyo kama umemwona mtu unayemjua, liandike daftarini na liishie humo, angalau hadi wiki mbili zako zitimie na usingizi wako uwe umerekebishwa. Na mtu yeyote, awe mganga au nabii, akikutajia jina la jirani kabla hajakuuliza unalala saa ngapi, ondoka na pesa zako.

Hatua ya tisa: Wakati wa kwenda hospitali, na cha kusema

Nenda kama kukabwa kunaendelea kila wiki hata baada ya kurekebisha usingizi, au kama unaogopa kulala. Nenda kama mchana usingizi unakuteka ghafla ukiwa kazini au kwenye pikipiki, au magoti yanalegea ukicheka. Anayekoroma sana, akasita kupumua, kisha akashtuka kama aliyezama, huyo ana shida ya pumzi na jinamizi ni dalili tu. Mzee anayepiga ngumi na mateke akiota, yaani kifungo cha misuli hakifungi, apelekwe hata kama hajaumiza mtu, maana inaweza kuwa ishara ya mapema ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu kama Parkinson. Anayeamka ameuma ulimi au amejikojolea achunguzwe kifafa.

Na kama unawaza kujiua, usingoje foleni ya wiki ijayo. Mwambie mtu mmoja leo, usilale peke yako, na piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haitozwi.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona inafaa watakuandikia rufaa, kwa sisi wa Kisumu mara nyingi ni hospitali ya Jaramogi, ile wazee wanayoiita Russia, na kwa wa Nakuru ni hospitali ya rufaa ya kaunti. Eldoret iko ya Moi. Ukiingia, usianze na "nasumbuliwa na mapepo" wala "sina usingizi", kwani la kwanza litakupeleka njia moja na la pili litakupa vidonge. Sema ulichokiona: "Naamka, nasikia kila kitu, mwili hausogei kwa dakika moja, imetokea mara hizi." Mpe daftari. Toa makopo. Na uende na mtu anayelala chumba kimoja nawe, kwa sababu daktari atauliza unakoromaje, na hilo huwezi kulijibu wewe.